Fulana ya Milima

Fulana yenyewe niliinunua Karume, Ilala, kwenye rundo la mitumba, siku zile nikiwa fundi mitambo wa bendi ya dansi iliyokuwa ikipiga kwenye baa za Kinondoni na Magomeni. Ilikuwa nyeusi, haijapauka sana, na kifuani ilichorwa mistari myeupe mingi, mmoja juu ya mwenzake, pembeni imenyooka, katikati imefura ikawa vilele. Mimi mtu wa Morogoro, nikaona Uluguru. Muuzaji hakutaka kunipinga. "Milima hiyo, kaka," akasema, "wanavaa wale wanaopanda Kilimanjaro." Nikalipa. Ilinibana makwapani, kwa hiyo nilipokwenda nyumbani nilimwachia mdogo wangu wa kike, naye akaivaa mpaka shingo ikalegea.

Miaka kadhaa baadaye nilikuwa Manchester, nikipanga maboksi usiku kwenye ghala moja la Trafford Park. Wakati wa mapumziko nilikuwa nikimwonyesha picha za nyumbani mwenzangu wa zamu, mzee wa Kiingereza kutoka Stockport aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu. Akafika kwenye picha ya mdogo wangu akipepeta mchele uani na fulana ile, akaishika simu kwa mikono miwili. Huyu binti anasikiliza Joy Division? Nikamjibu kwamba hiyo ni milima. Alicheka mpaka akaegemea toroli. Usiku uliofuata alikuja na santuri, kaizungushia mfuko wa plastiki kama mtu aliyebeba samaki, akaniambia nikiikwaruza nisirudi kazini.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Unknown Pleasures, albamu ya kwanza ya Joy Division, bendi ya vijana wanne wa huko huko Manchester, iliyotoka Juni 1979.

Kumbe si milima, ni nyota. Mwaka 1967 mwanafunzi wa Cambridge, Jocelyn Bell, aliona kwenye karatasi za darubini ya redio alama zinazojirudia kila baada ya sekunde 1.337, hazipotezi hesabu. Ilikuwa nyota iliyokwisha kufa, imejikusanya ikawa ndogo na nzito kupindukia, inazunguka huku ikirusha mawimbi ya redio kama mnara wa kuongozea meli. Mchoro wa mapigo 80 ya nyota hiyo, mfululizo, ulichapwa baadaye kwenye ensaiklopidia ya elimu ya nyota, vijana wa bendi wakauona humo, wakampelekea msanii Peter Saville. Asili yake ulikuwa mistari myeusi kwenye karatasi nyeupe, yeye akaugeuza. Mbele ya jalada hakuweka jina la bendi wala la albamu. Ndiyo maana muuzaji wa Karume na mimi tulikuwa na haki ya kuona milima. (Tuzo ya Nobel ya 1974 kwa ugunduzi huo ilikwenda kwa msimamizi wa Jocelyn Bell, yeye akaachwa nje. Tuyaache.)

Nyumbani kwangu Hulme nilikuwa na chumba kimoja, na mashine ya kuchezea santuri niliyoiokota kwenye duka la vitu vilivyotumika. Niliweka sindano saa mbili asubuhi, nimetoka kazini, macho yananiwasha. Wimbo wa kwanza unaanza na dramu peke yake. Halafu besi. Halafu gitaa. Kabla hata mwimbaji hajafungua mdomo nilikuwa nimeshakaa kitako sakafuni, kwa sababu nilichokisikia hakikuwa bendi tu, kilikuwa pia nafasi iliyoachwa kati ya chombo na chombo. Snea, ile dramu ya mlio mkali, inalia, kisha kuna uwazi, uwazi baridi, mkubwa kuliko chumba changu.

Lazima nieleze mimi nilitoka wapi. Mzee aliyenifundisha mitambo alikuwa amepitia studio za Radio Tanzania, na wao walirekodi bendi nzima kwa pamoja: trumpeti huku, tumba kule, waimbaji wanazunguka maiki moja, na mtu akikosea mnaanza upya. Sauti zinaingiliana, trumpeti inavuja kwenye maiki ya mwimbaji, na uvujaji huo ndio utamu wake. Nilikua nikiamini kwamba kazi ya fundi ni kujaza. Ukisikia shimo, weka kinanda.

Sasa hapa palikuwa na mtu aliyechimba mashimo makusudi. Aliitwa Martin Hannett, ndiye aliyewarekodi Aprili 1979 katika studio za Strawberry, Stockport, kwa muda wa wikiendi chache tu. Nyimbo nyingine alimtaka Stephen Morris, mpiga dramu, apige kila dramu peke yake, ili sauti ya moja isigusane na ya nyingine. Yaani dramu ya mguu peke yake wimbo mzima, kisha snea peke yake, kisha matoazi. Baadaye akapitisha sauti kwenye mtambo wake wa AMS, uliotengenezwa Burnley, wa kuichelewesha sauti kwa sehemu ndogo ya sekunde, mpaka snea ikasikika kama inapigwa kwenye ghala tupu. Alirekodi lifti ya jengo. Alivunja glasi. Kwenye wimbo wa Insight alimfanya mwimbaji, Ian Curtis, aimbe kupitia laini ya simu, na sauti ikaja nyembamba, ya mtu aliye mbali ambaye salio linakaribia kukatika.

Besi nayo ilinishangaza. Peter Hook anapiga juu kabisa, kwenye nyuzi nyembamba, mahali ambapo kwetu ni shamba la mpiga solo. Nikadhani ni falsafa ya muziki. Mzee wa Stockport akanipa sababu yenyewe, ambayo Hook mwenyewe amekuwa akiieleza: spika yake ilikuwa mbovu, gitaa la Bernard Sumner lilikuwa na kelele, na alipopiga chini alikuwa hajisikii. Akapanda juu ili ajisikie. Hili nililielewa mara moja. Nimefanya kazi na spika mbovu maisha yangu yote, na najua zinavyoweza kumfundisha mtu mtindo.

Kwa takriban miaka miwili nikawa mtu wa santuri ile. Siku za mapumziko nilipanda basi hadi Stockport kuangalia jengo la Strawberry pale Waterloo Road. Studio ilifungwa mwaka 1993, limebaki bango la kumbukumbu ukutani. Hulme kwenyewe nilikuwa nikivuka daraja la waenda kwa miguu la Epping Walk nikienda dukani, ndipo nikaambiwa kuwa mpiga picha Kevin Cummins aliwapiga picha Joy Division hapo juu Januari 1979, theluji imetanda, vijana wanne wembamba wamesimama kama wanaongoja usafiri usiokuja. Nilianza kupunguza mwendo kila nikifika hapo, nimebeba mfuko wangu wa vitunguu.

Halafu nikataka kufanya kama Hannett.

Tulikuwa na bendi yetu ya harusi Manchester, Watanzania wanne, Wakongo watatu na Mkenya mmoja aliyekuwa na gari. Wakataka kurekodi nyimbo tatu. Nikakodi chumba kwa siku mbili, nikamwambia mpiga dramu: leo utapiga dramu ya mguu tu. Akaniangalia. "Na mikono?" Mikono iache. Alianza, mguu ukapiga vizuri kwa nusu dakika, kisha mikono ikaanza kupepea hewani, haiwezi kutulia, na mguu ukaanza kuifuata mikono isiyopiga kitu. Mpiga tumba akaanguka kicheko. Tukarudia mara kumi na moja. Ya kumi na mbili alivua viatu, akasema, "Kaka, mimi nilizaliwa na viungo vinne na vyote vinajuana."

Nililazimisha. Nikakaa na kazi ile wiki tatu, nikatoa, nikapunguza, nikaweka uwazi kila mahali. Nilipowaita kuisikiliza nilikuwa na fahari ya kijinga. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mpiga besi wetu, Mkongo mwenye adabu sana, aliniuliza kama kuna watu walikufa. Mwingine akasema imepoa kama chai ya jana. Nikawaambia kwamba hata Hook na Sumner hawakuipenda Unknown Pleasures ilipotoka. Kweli, wao jukwaani walikuwa moto, wana kelele na hasira, na walimlaumu Hannett kwamba amewapoza. Morris na Curtis ndio walioridhika. Mpiga besi akasikiliza maelezo yote, kisha akauliza, "Na hao Waingereza walikuwa wanapiga kwenye harusi?" Walichukua nyimbo wakampelekea fundi mwingine, akajaza mashimo yote kwa kinanda, na mpaka leo ndizo zinazopigwa. Nikiri tu kwamba zinachezeka.

Najua nimekaa sana kwenye dramu. Na miaka ile miwili ndivyo nilivyokuwa, dramu tu.

Upande wa pili wa santuri, ambao wao hawakuuita B bali "Inside", unafunguliwa na She's Lost Control. Huo ndio niliousikiliza kuliko nyimbo zote. Dramu zake zinagonga kama mashine ya kushonea, pigo lile lile halichoki, na juu yake kuna mlio mkali mfupi wa dramu ya umeme, kama mtu anachana kitambaa. Niliuvunja wimbo ule kipande kipande. Niliweza kukuambia snea imekatwa wapi na mwangwi umeanzia wapi. Maneno yalinipita. Kiingereza changu kilikuwa cha ghalani, na Curtis anaimba kwa sauti nzito ya kuzika maneno, lakini hicho ni kisingizio. Sisi tumecheza nyimbo za Kilingala tangu enzi za wazazi wetu bila kujua zinasema nini. Nimewahi kuona ukumbi mzima wa harusi unacheza wimbo ambao mwenzetu Mkongo aliniinamia sikioni kuniambia ni wa maombolezo. Hatukuona kosa. Muziki ukiwa mtamu, maneno tunayaacha nje kama viatu.

Usiku mmoja, mapumziko ya saa tisa, mzee wa Stockport aliniuliza naupendea nini wimbo ule. Nikamweleza dramu kwa kirefu. Akanisikiliza, akanywa chai yake, akauliza, "Na yule binti aliyekufa?"

Binti yupi?

Ian Curtis, kabla muziki haujamtoa, alikuwa mfanyakazi wa serikali huko Macclesfield, ofisi inayosaidia watu wenye ulemavu kupata ajira. Alikuwa akija mwanamke mmoja kijana kutafuta kazi, ana kifafa. Siku nyingine alianguka. Kisha akaacha kuja. Curtis akadhani kapata kazi. Baadaye akaja kugundua kwamba alifariki, kifafa kilimchukua. Wimbo ni huo. Na Desemba 1978, wakirudi kutoka kupiga London, Curtis mwenyewe alipatwa na degedege ndani ya gari. Januari 1979 madaktari wakamwambia naye ana kifafa. Aprili akaingia studio kuimba wimbo wa mwanamke aliyeanguka. Tarehe 18 Mei 1980, walipokuwa karibu kuondoka kwenda Marekani kwa mara ya kwanza, alijiua. Alikuwa na miaka 23. Waliobaki wakaunda New Order. Baadaye wenzake walikiri kwamba maneno yake hawakuwa wakiyasikiliza sana. Walikuwa nyuma yake kila usiku, wanapiga.

Nilirudi kupanga maboksi. Nilikuwa nikiyaweka kichwa chini miguu juu, msimamizi akanifokea.

Mdogo wangu ana kifafa.

Alianza akiwa na miaka tisa, mimi kumi na nne. Siku ile ya kwanza nilikuwa barazani, nimefungua redio ya baba mgongoni, natafuta waya uliokatika. Jikoni nikasikia kifuniko cha sufuria kimeanguka. Kifuniko kikianguka kwenye saruji huwa kinazunguka kwa ukingo wake, polepole kwanza, kisha haraka, kisha haraka zaidi, mlio unapanda unapanda, halafu unalala ghafla. Niliusikiliza wote. Mpaka leo naweza kukupigia kwa vidole mezani. Ndipo nikasikia kitu kingine, kishindo kidogo cha kisigino kinagonga ubao wa mlango, sawasawa, sawasawa. Nikaenda, nikasimama mlangoni. Mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye mafiga.

Sikumvuta. Kwetu walisema anayegusa povu la mwenye kuanguka naye ataanguka, na povu lilikuwepo. Jirani yetu, mama wa nyumba ya pili, ndiye aliyeruka ukuta wa makuti na kanga yake moja, akamtoa motoni, akamlaza ubavu, akanitazama mara moja tu. Hakusema neno. Vidole viwili vya mdogo wangu vilishikana tangu siku hiyo, na ndiyo maana kwenye picha ile anashika ungo kwa namna yake. Tulizunguka kwa waganga mwaka mzima kabla ya shangazi kumpeleka hospitali. Sasa anameza fenobabitoni kila usiku, anaanguka mara chache, anauza mchele, ana mtoto.

Na mimi wimbo wa mtu aliyeanguka niliuchambua miaka miwili, nikaridhika na kile kisigino.

Nilimpigia Jumapili. Sikujua naanzaje, nikaanza na fulana, nikamwambia ile milima siyo milima, ni nyota iliyokufa inayopiga kama moyo. Akasema ameshaikata matambara, aliona inafaa kufutia vumbi. Nikamtumia wimbo kwenye simu, nikamwomba ausikilize. Baada ya robo saa akanipigia yeye, jambo ambalo halifanyi kwa sababu ya gharama.

"Huyo wa ngoma hachoki?"

Hachoki, nikamwambia. Alifundishwa asichoke.

"Wanasema nini?"

Nikamweleza. Nilitafsiri kwa maneno yangu, vibaya, nikisitasita. Yule mwanamke, ile ofisi, jinsi alivyoacha kuja. Nyuma yake nilisikia mtoto na jogoo.

"Anaitwa nani?"

Hakumtaja jina.

"Amemwimba mwanzo mpaka mwisho, jina hana?"

Labda alitaka kumsitiri.

"Labda." Akanyamaza kidogo. "Na huyo muimbaji, wewe umesema naye alikuwa anaanguka. Mbele za watu?"

Nikamwambia ndiyo, hata jukwaani. Alikuwa na namna yake ya kucheza, mikono inakwenda kama imepoteza mwenyewe, na ilifika mahali watazamaji hawajui wanaona kucheza au wanaona kuanguka. Nikamsimulia London, tarehe 4 Aprili 1980. Meneja alikuwa amewaonya watu wa taa wasiwashe zile za kumetameta. Bendi ikiwa katikati ya onyesho, wakaziwasha. Curtis akayumba akirudi nyuma, akaanguka, wakambeba kumtoa.

"Aliangukia wapi?"

Jukwaani.

"Nimesikia. Wapi, hapo jukwaani? Palikuwa na moto?"

Hapakuwa na moto. Aliangukia kwenye dramu.

"Dramu za yule asiyechoka?"

Zile zile.

Akavuta pumzi, nikasikia mchele unamiminwa kwenye kitu cha bati.

"Afadhali," akasema. "Aliangukia kwa mtu."